Vipande 15 vya kartoni na kanuni ya urefu mara upana

Tangu mtaala wa umilisi (CBC) uanze kutekelezwa kote nchini Kenya mwaka 2019, kartoni na vizibo vya soda vimekuwa lalamiko la kudumu la wazazi. Mtoto wa Gredi ya 4 anarudi nyumbani Kondele au Mbale na habari kwamba mwalimu anataka vipande vya mraba vya kufundishia eneo kesho asubuhi. Mzazi aliyesoma chini ya mfumo wa zamani wa 8-4-4 anakumbuka kuwa yeye alifundishwa eneo kwa sentensi moja, urefu mara upana, akafanya mtihani akapita. Anauliza, na ana haki ya kuuliza, kwa nini mwanawe amalize juma zima akifunika dawati kwa makaratasi. Katika vyumba vya walimu swali ni lile lile, ila linaulizwa na mtu aliyechoka zaidi.

Hoja ya wanaopinga kartoni ni ya watu wanaoijua kazi. Kipindi katika shule ya msingi ya juu ni dakika 35, na hisabati ina vipindi 5 kwa juma. Darasa la watoto 60 au 70 si ajabu Kisumu, Nakuru wala Bungoma. Ukitumia dakika 8 kugawa vipande na 5 kuvikusanya, umebaki na 22 za kufundisha. Wapo pia wanaosema kwamba mtoto aliyezoea kuhesabu kipande kimoja kimoja hukwama hapo hapo: mpe mstatili wa sentimita 37 kwa 24 uone kama hataanza kuchora miraba 888. Kanuni haichagui namba, haihitaji mkasi wala gundi, na mtihani wa kitaifa wa Gredi ya 6, uliofanywa kwa mara ya kwanza mwaka 2022, hauna mahali pa kupanga kartoni. Mwalimu anayelipokea darasa hilo Januari, nusu ya watoto wakiwa hawajui jedwali la kuzidisha, hana muda wa kurudi nyuma miaka miwili.

Yote hayo ni kweli. Lakini mtoto aliyepewa kanuni peke yake amepewa nini hasa?

Shida huanzia kwenye neno. Kuanzia Gredi ya 4 hisabati hufundishwa kwa Kiingereza, na neno analolisikia mtoto darasani tayari analo mtaani: eria, yaani area ya Kiingereza. Eria yetu ni Nyalenda, yule ni mtu wa eria, eria hii haina maji. Kiswahili nacho hakimwokoi, maana eneo pia ni mahali: eneo la Bondeni, eneobunge, eneo la tukio. Kwa mtoto, eria ni pahali mtu anapokaa, na pahali hapawezi kuwa 48. Akiambiwa atafute eria ya mstatili hasikii swali. Anasikia amri ya kuzidisha namba zilizo karibu. Ndiyo maana mstatili ukiandikwa vipimo kwenye pande zote nne, wapo wanaozizidisha zote nne. Ndiyo maana pia siku ya kufundishwa mzingo, yaani urefu wa kulizunguka umbo, huzidisha, na siku ya eneo wakajumlisha, kutegemea somo lililotangulia lilikuwa lipi.

Mwanasaikolojia Jean Piaget na wenzake mjini Geneva waliwahi kuwaonyesha watoto malisho mawili ya kijani yaliyolingana kabisa, kila upande ukiwa na ng'ombe mmoja. Wakaanza kuweka nyumba ndogo, moja huku na moja kule, idadi ikiwa sawa wakati wote. Upande mmoja nyumba ziligusana kwa mstari, upande wa pili zilitawanywa. Nyumba zilipokuwa chache watoto wadogo walikubali kwamba ng'ombe wote wawili wana nyasi sawa. Zilipoongezeka, wakasema yule wa nyumba zilizotawanyika amepunjwa. Mtoto wa Sabatia anayefunga ng'ombe kamba kando ya migomba kila asubuhi angelielewa swali hilo bila kufafanuliwa, na huenda angelikosa vile vile. Kanuni haina msaada hapo, kwa kuwa hakuna urefu wala upana uliotajwa. Kinachotakiwa ni kujua kwamba eneo ni kiasi cha uso kinachofunikwa, na kwamba kiasi hicho hakipungui kwa kuhamishwa.

Hilo hufundishwa kwa karatasi moja na mkasi mmoja. Kata ukanda wa sentimita 12 kwa 3. Ukate katikati upate vipande viwili vya 6 kwa 3, kisha viunganishe kwa pande zao ndefu bila kupandana: sasa una mraba wa 6 kwa 6. Hakuna karatasi iliyoongezwa wala iliyotupwa. Lakini mzingo umeshuka kutoka sentimita 30 hadi 24. Mtoto aliyefanya hivyo kwa mikono yake ameona vitu viwili vikitengana, uso ukibaki na ukingo ukipungua, jambo ambalo sentensi ya urefu mara upana haiwezi kumwonyesha hata akiikariri mara mia.

Kuchanganya ukingo na uso kuna madhara makubwa kuliko alama za mtihani, na hapa Magharibi tuna sababu ya kuyaogopa zaidi. Mashamba mengi ya Vihiga na Kisii huteremka kama mikanda kutoka barabara ya juu hadi kijito cha chini, na yakigawiwa warithi hupasuliwa kwa urefu ili kila mmoja aguse barabara na afike majini. Chukua ukanda wa mita 90 kwa 20. Eneo lake ni mita za mraba 1,800, na anayeuzunguka kwa miguu atatembea mita 220. Upasue kwa urefu uwape ndugu wawili: kila mmoja sasa ana mita 90 kwa 10, yaani mita za mraba 900, na akizunguka sehemu yake atatembea mita 200. Tazama namba hizo tena. Anayepima shamba kwa kulizunguka ataona amepoteza mita 20 kati ya 220, kitu kidogo, ilhali amepoteza nusu ya mahindi. Nguzo za ua na waya atanunua karibu zile zile za baba yake. Na kama jirani ana kiwanja cha mita 50 kwa 50, mzingo wake pia ni mita 200, nguzo ni sawa, waya ni sawa, lakini ana mita za mraba 2,500. Huyu atavuna karibu mara tatu ya mwenzake akiwa nyuma ya ua wa urefu ule ule.

Sensa ya 2019 ilikuta kaunti ya Vihiga ina watu 1,047 kwa kila kilomita ya mraba. Kilomita ya mraba ni mita za mraba 1,000,000. Gawanya, na kila mtu anapata 955 hivi. Hiyo ni pungufu ya robo ekari, ambayo ni kama mita za mraba 1,012, na ndani ya hizo 955 zimo barabara, shule, masoko, makaburi na mito. Ni kama ule ukanda wa 90 kwa 10 wa yule ndugu. Mtoto anayekulia mahali ambapo ardhi imebanana hivyo ataketi siku moja kwenye kikao cha ukoo cha kugawa shamba. Akifika pale akidhani kuzunguka ndiko kupima, hakuna atakayemsahihisha, kwa sababu wengi waliokaa naye wanapima vivyo hivyo.

Mjini hali si tofauti sana. Ploti ya futi 50 kwa 100 huitwa kwa mazoea sehemu ya nane ya ekari, Kisumu na Nakuru pia. Ekari ni futi za mraba 43,560, kwa hiyo sehemu ya nane ni 5,445, na 50 mara 100 ni 5,000. Zinazokosekana ni 445, karibu mita za mraba 41: vyumba vitatu vya kulala vya ukubwa wa kawaida. Wanunuzi wengi wanaijua kanuni na wanaweza kuzidisha 50 kwa 100 usingizini. Wanachokosa ni mazoea ya kuuliza jibu lile linalinganishwa na nini. Waulize pia ploti ya 100 kwa 200 ni kubwa mara ngapi kuliko ile, wengi watasema mara mbili. Aliyezoea kuchora atachora mstari mmoja wima na mmoja mlalo, na ploti nne zitakuwa mbele yake.

Hata hivyo kartoni haziponyi kwa kuwa ni kartoni, na hapa ndipo wanaozilalamikia wanapokaribia ukweli kuliko baadhi ya wanaozitetea. Vizibo vya soda, kwanza, ni kipimo kibaya. Ni vya mviringo. Ukivipanga kwa safu zilizonyooka, zaidi ya sehemu moja kwa tano ya uso hubaki wazi kati yao. Vinafaa kwa dakika kumi za kuwauliza watoto kwa nini fundi wa vigae hatumii vigae vya duara, kisha virudishwe mfukoni. Pili, kundi lililopewa vipande 48 vinavyotosha kufunika mstatili wote linaweza kumaliza kazi bila kuwaza chochote. Vipande hujipanga vyenyewe kwa kuwa vina pembe. Mtoto huhesabu 1, 2, 3 hadi 48, anaandika 48, na hajaona kwamba mbele yake kuna safu 4 zenye vipande 12 kila moja. Lynne Outhred na Michael Mitchelmore, watafiti wa Australia waliochapisha kazi yao mwaka 2000, waliwafuatilia watoto wadogo wakifunika na kuchora mistatili, na walilikuta pengo hilo hilo: kati ya kuhesabu na kuzidisha kuna hatua ya kuona safu, na mtoto huionyesha anapochora, kwa sababu penseli haina pembe za kumsaidia.

Kwa hiyo ugomvi wa kartoni dhidi ya kanuni umeshika mahali pasipo na kidonda. Kinachorukwa ni hatua iliyo katikati, na inarukwa na pande zote mbili.

Dawa yake ni kupunguza vipande. Chora sakafuni kwa chaki mstatili wa sentimita 120 kwa 40. Kama sakafu ni ya udongo, tumia kijiti. Usitumie dawati lenyewe, kwa kuwa madawati hayatoki kwa fundi yakiwa na vipimo kamili, na siku ya kwanza hutaki nusu vipande. Kila kundi la watoto 6 lipewe vipande 15 vya sentimita 10 kwa 10. Watapanga safu moja ya 12 kwenye upande mrefu, kisha 3 vilivyobaki watavishusha kwenye upande mfupi, wapate umbo la L. Vipande vimeisha na sehemu kubwa ya mstatili iko wazi. Waulize vingehitajika vingapi kuufunika wote. Hapa watoto hulazimika kusema maneno ambayo kanuni inayaficha: safu hii ina 12, na safu kama hii ni 4. Wengine watajibu 15, wakihesabu walivyo navyo. Wengine watasema 16, kwa kuhesabu 12 na 4 huku kipande cha kona kikihesabiwa mara mbili. Usiwasahihishe kwa mdomo. Wape vipande vya kundi la jirani wajaze safu ya pili, waache waone.

Kwa darasa la watoto 60 unahitaji vipande 150 badala ya 480. Ubapa mmoja wa kartoni wa sentimita 60 kwa 40 hutoa vipande 24, hivyo bapa 7 zinatosha, na dukani kartoni tupu hutolewa bure. Mwalimu avikate mwenyewe mara moja na kuvihifadhi kwenye mfuko kwa miaka kadhaa. Kumtuma kila mtoto alete vyake ndiko kulikoanzisha lalamiko la wazazi, na vipande vya nyumba 60 havitalingana kamwe. Wakati wa kukata, tia alama kila sentimita 10 kwenye kingo zinazokabiliana, kisha unganisha alama kwa rula ndefu. Ukipima kila kipande kutoka kwa mwenzake, kosa hujilimbikiza: kipande chenye sentimita 10.3 kikirudiwa mara 12 kinazidi mstatili kwa sentimita 3.6, na mtoto makini atakuambia vipande 12 haviingii. Atakuwa sahihi.

Kipindi kinachofuata kila kundi libaki na kipande kimoja na chaki. Wapime alama kwenye kingo na kuchora. Kosa la kawaida ni kuchora mraba mmoja mmoja, kila mmoja ukiwa mdogo kuliko uliotangulia, hadi safu ya mwisho ina 14 na ya kwanza ina 11. Wafundishe kuchora mistari inayokatiza kutoka ukingo hadi ukingo: mitatu ya mlalo, kumi na mmoja ya wima. Kisha subiri kosa la pili, maana halikosi: mtu atahesabu mistari badala ya nafasi na kuandika 33. Swali la kumuuliza ni hili: mstari mmoja ukikata mstatili katikati, unaacha nafasi ngapi?

Rula huingia baada ya hapo, na kanuni pamoja nayo, ikiwa imeandikwa kwanza kwa maneno: vipande katika safu moja, mara idadi ya safu. Wakati huu sentimita 37 kwa 24 haimtishi mtoto. Anajua ni safu 24 zenye 37 kila moja, anazidisha, hachori miraba 888. Hofu ya kwamba mtoto wa vipande hubaki akihesabu milele inamhusu yule aliyeachwa kwenye vipande 48. Mapambano na rula yenyewe yapo, mtoto akianzia kwenye ncha ya mbao badala ya sufuri, au akianzia kwenye 1, lakini hayo ni ya urefu na yanarekebishwa huko.

Daftari la miraba huonekana njia ya mkato, na lina hatari mbili. Miraba imeshachorwa, kwa hiyo kazi ya kuona safu imefanywa na kiwanda. Tena pande za miraba hiyo si lazima ziwe sentimita 1. Ipime. Ikiwa ni nusu sentimita, miraba 4 ndiyo hufanya sentimita moja ya mraba, na mtoto anayeandika sentimita za mraba 24 amepima 6.

Ukijumlisha kukata karatasi, vipande 15, chaki, rula na kipindi kimoja cha mazoezi, ni vipindi 5, dakika 175, juma moja la Gredi ya 4. Anayeona ni mengi apime yanayookolewa mbele. Mita moja ya mraba ina sentimita za mraba ngapi? Waliokariri hujibu 100. Aliyepanga safu anajua ni safu 100 zenye 100, yaani 10,000, na halazimiki kukumbuka. Umbo lenye kona iliyokatwa, la nje 8 kwa 6 na pengo la 3 kwa 2, huwafanya wa kanuni tupu wazidishe kila namba waionayo hadi 288. Aliyezoea kuchora mstari anatoa 6 kutoka 48 na kupata 42. Pembetatu ya Gredi ya 6 nayo ni mstatili uliokatwa kona hadi kona, na ile nusu inayosahauliwa kila mwaka haisahauliki kwa aliyeikata.

Kwa mwalimu wa Gredi ya 6 ambaye juma hilo halikufundishwa na hana la kulipa, zipo dakika 5. Chora mstatili wa sentimita 6 kwa 4 kwenye karatasi, weka mraba mmoja wa sentimita 1 kwenye kona, na uwaambie watoto wachore miraba mingine inayofanana na huo hadi mstatili ujae, wakitumia penseli pekee. Usitaje eneo. Anayechora mistari mirefu inayokatizana yuko tayari kwa kanuni, mwache aendelee. Anayechora mraba mmoja mmoja lakini akapata safu 4 za 6 anahitaji kuonyeshwa mistari tu. Ambaye safu zake hazilingani anahitaji kipindi cha vipande 15. Mtazame zaidi yule aliyechora miraba kandokando ya ukingo na kuacha katikati patupu. Mwulize amepata mingapi. Akisema 20 amejumlisha pande, 6 na 4 na 6 na 4, na kila kona ameihesabu mara mbili, maana miraba ya ukingoni ni 16. Kwake eneo bado ni kuzunguka. Mpe miraba 8 ya karatasi na umwonyeshe pale katikati.